Kasiteriti Yaenda, Windows Yarudi

Kwenye kibanda kimoja cha sekretaria publike, cha kuchapia na kutoa fotokopi, pale Nyawera, Bukavu, fundi ana swali moja analomuuliza kila anayeingia na kompyuta kwapani: "Papa, tukuwekee Windows ngapi?" Mteja hujibu kumi, au kumi na moja, au saba ikiwa mashini yake ni ya zamani. Mashini, ndivyo laptop inavyoitwa mjini hapa. Fundi huchomoa flashi kutoka kwenye kishada cha funguo, huichomeka ubavuni, na wateja wa fotokopi wakiendelea kupanga foleni nyuma yake kazi inaisha. Nimekalia benchi la kibanda hicho mara nyingi, na sijasikia mtu akiulizwa anataka mfumo gani. Huulizwa ngapi.

Ilinichukua miaka kuona kwamba swali hilo lina historia, na kwamba sisi watu wa Shabunda, kule msituni Kivu, mashariki mwa Kongo, tumo ndani yake tangu mwanzo. Fungua kompyuta yoyote: vipuri vimeshikishwa kwenye ubao kwa lehemu, na lehemu ni bati. Bati hutoka kwenye kasiteriti, na kasiteriti, iliyo chini ya msitu wetu, ndiyo iliyowalisha wengi wetu Warega. Madini hayo hutoka kwa ndege ndogo, kwenye magunia. Hurudi baada ya kuzunguka dunia yakiwa ndani ya mashini ambayo tayari kuna mtu ameshaamua itazungumza lugha gani na kumtii nani.

Programu yapata bei, 1969–1981

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, aliyekodi kompyuta ya IBM alilipa bei moja akapata vyote: chuma, programu na wahandisi wa kumwelekeza. Januari 1969 serikali ya Marekani iliishtaki IBM kwa kuhodhi soko. Tarehe 23 Juni mwaka huohuo kampuni ikatangaza kwamba sehemu ya programu na huduma zake zitauzwa mbali na mashine. Hapo ndipo soko la programu kama bidhaa yenye bei yake lilipofunguka, na mtu mwingine asiyetengeneza chuma akapata nafasi pana ya kuiuza.

Agosti 1981 IBM ilitoa kompyuta yake ndogo ya mezani, na hapa kuna jambo ambalo husahaulika: mnunuzi alikuwa na mifumo mitatu ya kuchagua. PC DOS iliyotoka kwa Microsoft iliuzwa dola 40. CP/M-86 ya Digital Research, iliyochelewa miezi kadhaa, iliuzwa dola 240. Wa tatu, uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha California cha San Diego, ulikuwa ghali kuliko yote. Ukimwekea mtu sahani mbili mezani, moja ya 40 na nyingine ya 240, usije ukasema alichagua kwa ladha.

Microsoft yenyewe haikuuandika mfumo huo tangu mwanzo. Iliununua kutoka kampuni ndogo ya Seattle Computer Products, ambako Tim Paterson ndiye aliyeuandika. Ujanja wake ulikuwa kwenye mkataba: ilibaki na haki ya kuwauzia watengenezaji wengine. Kompyuta za kuiga IBM zilipozagaa, zote zilihitaji mfumo, na muuzaji mkuu alikuwa mmoja.

Bati laanguka, 1985

Kwetu habari ya miaka hiyo ilikuwa SOMINKI, kampuni iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha makampuni ya zamani ya migodi ya Kivu na Maniema. Wazee wa Shabunda bado wanaizungumzia kama wanavyozungumzia mvua ya zamani: kulikuwa na mshahara, kulikuwa na zahanati, kulikuwa na barabara.

Oktoba 1985 Baraza la Kimataifa la Bati, lililokuwa likinunua akiba ili kushikilia bei, liliishiwa fedha. Soko la London likasimamisha biashara ya bati, bei ikaporomoka. Mwezi uliofuata, Novemba 20, Microsoft ilitoa Windows ya kwanza. Matukio haya mawili hayakusababishana hata kidogo. Nayaweka pamoja kwa sababu yaliishia kukutana migongoni mwa watu walewale. SOMINKI ilidhoofika mwaka hadi mwaka, ikafa katikati ya miaka ya 1990, na uchimbaji ukabaki mikononi mwa vijana wenye sululu, beleshi na karai, wakimuuzia yeyote atakayetua na ndege. Barabara nayo ikamezwa na msitu.

Malipo yasiyoandikwa kwenye risiti, 1988–1999

Sasa tufike kwenye kiini, maana hapa ndipo "gani" ilipogeuka "ngapi".

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Microsoft iliwapa watengenezaji wa kompyuta mkataba wenye punguzo nono kwa sharti moja: walipe kwa kila kompyuta inayotoka kiwandani, iwe imewekwa mfumo wa Microsoft au haikuwekwa. Fikiria muuza mandazi pale Kadutu anayemlipa mwenye unga mmoja kwa kila andazi, hata lile alilolipika kwa unga wa mtu mwingine. Atanunua unga wa pili wa nini? Digital Research ilikuwa na DR DOS, mfumo ambao wengi waliusifu, lakini mtengenezaji aliyetaka kumpa mteja DR DOS alilipa mara mbili. Mteja hakuona chochote dukani. Aliona kompyuta inayowaka.

Wakaguzi wa biashara wa Marekani walianza kuchunguza mwaka 1990, Wizara ya Sheria ikalichukua shauri mwaka 1993, na Julai 1994 Microsoft ikakubali kuacha mikataba ya namna hiyo. Ilikuwa kama kuondoa mbao wakati zege limeshakauka. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 24, 1995, ikaja Windows 95, watu wakakesha nje ya maduka kuisubiri. Programu ziliandikwa kwa ajili ya Windows kwa sababu ndiko watu walikokuwa, na watu walikwenda Windows kwa sababu ndiko programu zilikokuwa.

Kulikuwa na tundu moja. Kwenye leseni iliyotokea mtu alipowasha kompyuta mpya mara ya kwanza iliandikwa kwamba asiyekubali masharti awasiliane na mtengenezaji arudishiwe fedha zake. Mtu mmoja wa Australia, baada ya barua nyingi, alipata dola 110 za huko kutoka Toshiba. Habari zikaenea. Februari 15, 1999 watumiaji wa Linux, mfumo huru ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, waliandamana hadi ofisi za Microsoft huko California wakidai chao. Microsoft iliwaambia waende kwa watengenezaji. Watengenezaji walikuwa wamekwisha kuwaambia waende Microsoft. Yeyote aliyewahi kufuatilia karatasi kwenye ofisi za Kongo anaijua safari hiyo vizuri.

Mashini za misaada, 1994–2008

Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walivuka kuingia Kivu, na nyuma yao yakaja mashirika ya misaada na magari yao meupe, redio za antena ndefu na kompyuta. Wengi wetu tulioanza kuandika kwenye kioo tulianzia kwenye mashini za namna hiyo. Mradi ukiisha, gari liliondoka, kompyuta ikabaki parokiani, hospitalini au kwenye ofisi ya shule. Aliyeirithi aliirithi ikiwa na Windows ndani, kwa Kifaransa, na kibodi ya AZERTY. Hakuna aliyeichagua, wala hakuna aliyeilipia.

Oktoba 1996 Bukavu ilianguka mikononi mwa waasi wa AFDL. Agosti 1998 vita vya pili vilianza, mji ukashikwa na waasi wa RCD, na Shabunda ikakatwa: wanajeshi mjini, wanamgambo wa Mai-Mai msituni, raia katikati. Mwaka 2000 bei ya koltani ililipuka kwenye soko la dunia kwa sababu ya simu na kompyuta, kisha ikaanguka mwaka uliofuata. Kwa miezi michache mtu aliyetoka shimoni na kilo kadhaa alijiona tajiri. Koltani hiyo hutoa tantali, na tantali huingia kwenye vipuri vidogo vya kuhifadhi umeme, vya ukubwa wa punje ya mchele, ndani ya mashini zilezile.

Wakati huo mahakama ya Marekani ilikuwa ikiivuta Microsoft huku na huku: kesi ya 1998, amri ya kuigawa kampuni Juni 2000, amri hiyo kutenguliwa 2001, kisha masikilizano. Bukavu hakuna aliyelala macho kwa ajili hiyo. Sidi za kuchomwa zilikuwa zikiuzwa na nambari ya leseni imeandikwa juu yake kwa kalamu.

Mwaka 1998 Bill Gates aliwahi kuwaambia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington jambo linaloeleza Bukavu kuliko kesi yoyote. Alikuwa akizungumzia China. Maana ya maneno yake ilikuwa kwamba watu ambao hata hivyo wataiba, afadhali waibe programu za kampuni yake, wazizoee, na siku moja itapatikana njia ya kuwalipisha. Ndiyo maana siamini wanaosema uharamia ndio uliokuwa uhuru wetu. Nakala ya wizi ilifanya kazi ya mkataba wa kiwandani bila mkataba: ilimwondoa mshindani wa bure kwa kufanya kila kitu kiwe bure.

Na kulikuwa na gharama. Mwenye nakala ya wizi alizima masasisho akiogopa kugunduliwa, hasa kuanzia mwaka 2008, Microsoft ilipoanza kugeuza mandhari ya kioo cha Windows XP isiyo halali kuwa nyeusi. Oktoba mwaka uleule ilitoa kiraka cha tundu ambalo virusi vya Conficker vililitumia wiki chache baadaye. Waliozima masasisho hawakukipata kiraka. Virusi vya namna mbalimbali vilisafiri kwa flashi kutoka sekretaria hadi sekretaria, na mwanafunzi aliyepeleka memuari yake, yaani tasnifu, ikachapishwe alirudi na folda zote zimegeuka njia za mkato zisizofika popote.

Kiswahili chabisha hodi, 2004–2009

Mwaka 2004 palikuwa na harufu ya mabadiliko. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kilikuwa na mradi wa Kilinux, na Desemba kikatoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandikia, majedwali na maonyesho, yote kwa Kiswahili, bila malipo. Microsoft nayo ilitangaza mwaka huohuo kwamba inatafsiri Windows na Office. Ushindani ulifanya ndani ya miezi kile ambacho maombi ya wasomi hayakukifanya kwa miaka.

Kwa Bukavu, hata hivyo, kifurushi cha lugha cha Microsoft, kilipotoka, kilikaa juu ya Windows ya Kiingereza, na sisi Windows yetu ni ya Kifaransa. Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi na Dar, safi lakini kigeni kidogo kwa mtu anayesema "mashini" na "memuari". Wachache walikigusa.

Oktoba 2004 pia Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa Ubuntu, na kwa miaka kadhaa, hadi 2011, kampuni yake ilimtumia sidi ya bure kila aliyeomba, popote duniani. Popote penye posta, nisahihishe. Posta ya Bukavu ilikuwa imelala, na taasisi nyingi za mji zilitumia sanduku la posta la Cyangugu, ng'ambo ya Ruzizi, kwenye nchi nyingine. Mfumo huru ulipaswa kuvuka mpaka mfukoni mwa mtu, na aliyeuleta alikuta kila anayemjua anatumia kitu kingine, mtandao wa kumsaidia ni wa kulipia kwa dakika, na printa ya ofisini haiutambui. Sikatai kwamba baadhi yetu tuliuweka. Nakiri pia kwamba niliuondoa mara mbili.

Mwaka 2007 palitokea Nigeria kisa kilichoonyesha mambo bila pazia. Kampuni ya Mandriva ya Ufaransa ilikuwa imepata oda ya kuweka Linux yake kwenye kompyuta 17,000 za shule, za aina ya Classmate ya Intel. Linux ikalipiwa. Kisha muuzaji wa huko akasema kompyuta zitapokewa, lakini Linux itafutwa na Windows iwekwe mahali pake. Ikajulikana kwamba Microsoft ilikuwa ikizungumza naye juu ya dola 400,000 za kile kilichoitwa kutangaza biashara. Bosi wa Mandriva akaandika barua ya wazi kwa Steve Ballmer, makelele yakawa mengi, na wakala wa serikali uliokuwa ukilipa ukasema utabaki na Linux. Jaribu kutafuta kwenye kisa hicho mahali ambapo mwalimu au mwanafunzi aliulizwa.

Mwaka huohuo Asus ya Taiwan ilitoa Eee PC, kompyuta ndogo ya bei ndogo yenye Linux, ikauzwa kama maandazi ya asubuhi. Microsoft ikarefusha maisha ya Windows XP kwa ajili ya mashini ndogo, na mwaka 2009 ikaleta Windows 7 Starter, ambayo mwenyewe hakuweza hata kubadilisha picha ya nyuma ya kioo. Nina rafiki aliyekuwa nayo. Alitaka kuweka picha ya mtoto wake, akashindwa, akaikunja kompyuta na kubandika picha ya karatasi juu ya kifuniko.

Mnunuzi wa mbali, 2010–2016

Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, na kifungu chake cha 1502 kikayataka makampuni kueleza kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu yao vinatoka Kongo na jirani zake. Septemba mwaka huo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji mdogo Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Shabunda ilijua njaa ya mwaka ule. Januari 2014 Intel ilitangaza kwamba vichakataji vyake havina madini ya vita.

Silikebehi kusudio. Lakini pima: mnunuzi wa Chicago alipewa haki ya kujua bati la ndani ya mashini limetoka shimo lipi. Mnunuzi wa Bukavu hajapewa hata haki ya kuonyeshwa bei ya programu iliyomo.

Hata Ulaya haki hiyo ilikwama. Machi 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497 na kuiamuru iuze pia Windows isiyo na kicheza muziki chake. Ikauzwa, kwa bei ileile. Nani angenunua pungufu kwa bei ya kamili? Kisha kuna Mfaransa aliyenunua kompyuta ya Sony mwaka 2008, akaikataa Windows na kudai thamani yake. Sony ilimpa njia mbili: euro 100 za kumfariji, au kurudisha kompyuta yote. Alikwenda mahakamani. Septemba 7, 2016 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba kuuza kompyuta yenye programu tayari, bila kumpa mteja njia ya kuinunua tupu, peke yake si udanganyifu wa biashara, wala kutotaja bei ya kila programu si kosa. Mlango ukafungwa kwa adabu.

Skrini nyeusi, 2012–2025

Cha ajabu, kompyuta tupu zilikuja kwetu zenyewe. Ili kupunguza bei, watengenezaji walianza kuuza Afrika laptop zenye FreeDOS, mfumo wa bure ulioanzishwa na Jim Hall mwaka 1994, unaowaka na maandishi tu kwenye skrini nyeusi. Nilikuwepo kibandani siku mama mmoja alipoingia na mashini mpya kabisa, plastiki bado imebandikwa, aliyoinunua Kampala. Alikuwa karibu kulia. "Waliniuzia mashini imekufa." Fundi akaiwasha, akaona mstari mweupe unaopepesa, akacheka kwa upole. "Haijafa, mama. Bado haijawekwa kitu." Hapo, kwa mara ya kwanza tangu ile mifumo mitatu ya 1981, mnunuzi alisimama mbele ya kompyuta ambayo hakuna aliyemwamulia. Fundi akachomoa flashi na kuuliza Windows ngapi.

Wanaonunua Dubai hukutana na la kinyume: Windows ya lugha moja tu, iliyoanza mwaka 2012, ambayo ikija kwa Kiingereza itakaa kwa Kiingereza, na mtu aliyesomeshwa kwa Kifaransa hubandika vibandiko vya AZERTY juu ya vitufe na kukisia yaliyobaki.

Lakini mashini nyingi za Bukavu ni za mitumba kutoka Ubelgiji na kwingineko, na juu ya hizo nina neno. Zile za enzi ya Windows 7 kwa kawaida zina kibandiko chini yake chenye herufi na tarakimu 25, mara nyingi zimefifia kwa joto la mapaja ya mwenyewe wa kwanza. Hiyo ni leseni. Ililipiwa kiwandani, ndani ya bei, kwa utaratibu ule niliousimulia. Tangu 2012 nambari hiyo huandikwa ndani ya ubao wenyewe, na toleo lilelile likisakinishwa upya hujitambua bila kuulizwa. Kwa miaka mingi mafundi wetu wamekuwa wakifuta Windows halali na kuweka ya wizi juu yake, kisha kutoza dola kadhaa kwa huduma hiyo.

Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, mabenki yakafungwa, na uwanja wa ndege wa Kavumu ukawa mikononi mwao. Oktoba 14 mwaka huohuo Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa wasiojisajili kupata nyongeza, na Windows 11 haikubali rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hivi. Ofisi za Ulaya zinazitupa. Zitakuja huku, zikiwa nzima, na karibu zote zinaweza kuendesha Linux.

Ukinunua moja, igeuze usome kibandiko kabla hujamkabidhi fundi. Na akikuuliza ngapi, mwombe kwanza akuwashie ule mfumo mwingine, Linux, kutoka kwenye flashi, bila kufuta chochote. Huchukua dakika tano.